Nanosekunde za kulipia na za kuachana nazo: ulinganisho wa swichi za 25G na 100G kwa vyumba vya seva vya Arusha na Moshi

Karatasi ya sifa za swichi, kifaa kinachounganisha seva kwenye mtandao, hupenda kutanguliza tarakimu moja: ucheleweshaji, kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Hii 300, ile 800. Aliyetumwa kununua huona kazi imekwisha. Lakini piga kwanza hesabu ndogo. Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban nanosekunde 5 kwa kila mita. Tofauti ya 300 na 800 ni nanosekunde 500, sawa na mita 100 za faiba. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, yaani mikrosekunde 400 kwa safari ya kwenda tu, mara 800 ya tofauti hiyo. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Faiba ikifuata barabara, hakuna ping (ujumbe mdogo wa kupima safari ya kwenda na kurudi) itakayorudi chini ya milisekunde 6. Kwa hiyo kama watumiaji wa Njiro na Sakina wanalalamika kwamba mfumo ulioko Dar unasuasua, swichi ya nanosekunde 300 haiwasaidii kitu.

Inakosaidia ni ndani ya chumba chenyewe: seva zinazosoma diski za kasi za NVMe zilizo kwenye seva nyingine, kundi la kompyuta zinazokokotoa hesabu moja kwa pamoja, hifadhidata inayojinakili kwenye seva tatu kabla ya kujibu. Kazi za namna hiyo zipo huku kwetu: taasisi za utafiti kama ile ya Nelson Mandela pale Tengeru, hospitali kubwa zenye picha za eksirei na CT, watoa huduma za intaneti wanaokodisha seva. Ulinganisho huu ni wa chumba cha ukubwa huo, raki moja hadi nne.

Swichi nne zinazowakilisha makundi manne (G ni gigabiti kwa sekunde, ns ni nanosekunde, bafa ni kumbukumbu ya kuhifadhia data iliyo kwenye foleni):

| | NVIDIA SN2010 | Arista 7050SX3-48YC8 | MikroTik CRS518-16XS-2XQ | Cisco Nexus 3548 |
|---|---|---|---|---|
| Poti | 18 za 25G, 4 za 100G | 48 za 25G, 8 za 100G | 16 za 25G, 2 za 100G | 48 za 10G |
| Chipu | Spectrum | Broadcom Trident 3 | Marvell | ya Cisco yenyewe |
| Ucheleweshaji | kama ns 300 | kama ns 800 | haiuzwi kwa tarakimu hiyo | kama ns 250. 190 kwenye hali ya warp |
| Bafa | MB 16 | MB 32 | ndogo kuliko hizo | MB 18 |
| Upana | nusu ya raki | raki nzima | raki nzima | raki nzima |

Juniper QFX5120-48Y na Dell S5248F-ON zina chipu ileile ya Trident 3, kwa hiyo karibu yote yatakayosemwa hapa kuhusu Arista yanazihusu. Swichi za 400G na 800G hazimo. Chumba kinachozihitaji kina bajeti ya kumwita mshauri.

Tarakimu mbili zisizopimwa kwa rula moja

Chukua fremu, yaani kipande kimoja cha data kinachosafiri, kama treni ya kutoka Dar inayoingia stesheni ya Moshi kuelekea Arusha. Swichi inayopokea kwanza ndipo ipeleke husubiri behewa la mwisho liingie, huhakiki kwamba yote yamefika salama, halafu kichwa kinaondoka. Swichi inayopitisha moja kwa moja husoma anwani iliyo mbele ya fremu, na kichwa huondoka huku mabehewa ya nyuma bado yanaingia stesheni.

RFC 1242, waraka wa istilahi za upimaji wa mitandao wa mwaka 1991, iliziwekea aina hizi mbili vipimo tofauti. Ya kupitisha moja kwa moja hupimwa tangu biti ya kwanza inapoingia hadi biti ya kwanza inapotoka. Ya kupokea kwanza hupimwa tangu biti ya mwisho inapoingia, maana yake muda wote wa kulisubiri behewa la mwisho hauhesabiwi. Ukiona swichi ya kupokea kwanza imeandikwa nanosekunde 700, ongeza muda wa fremu yenyewe kabla ya kuilinganisha na nyingine. Fremu ya baiti 1,518 huchukua mikrosekunde 12.1 kwenye 1G, 1.2 kwenye 10G, 0.49 kwenye 25G na 0.12 kwenye 100G. Fremu kubwa za baiti 9,000 huchukua 7.2 kwenye 10G na 2.9 kwenye 25G.

Tarakimu hizo zina habari njema pia. Kadiri kasi inavyopanda, faida ya kupitisha moja kwa moja inayeyuka yenyewe. Kuhama kutoka 10G kwenda 25G kunaokoa mikrosekunde 0.7 kwa kila fremu iliyojaa, zaidi ya ile 0.5 inayotenganisha SN2010 na Arista. Ndiyo maana Nexus 3548, pamoja na nanosekunde zake 190 za kutamanisha, leo ni chaguo dhaifu kwa data nyingi: inaishia 10G.

Kisha kuna hali ambapo hata swichi ya kupitisha moja kwa moja hulazimika kusubiri. Fremu ikiingia kwa 25G na kutoka kwa 100G, kichwa kingeishiwa mabehewa katikati ya safari, kwa hiyo swichi huipokea yote kwanza. Poti ya kutokea ikiwa na kazi, fremu huingia foleni, na hapo ile tarakimu ya kwenye karatasi haina maana tena. Na fremu mbovu? Kosa hugunduliwa mwishoni mwa fremu, wakati kichwa kimeshaondoka. Kebo moja iliyochoka huweza kuonyesha makosa ya FCS (namba ya kuhakiki iliyo mwishoni mwa fremu) kwenye swichi tatu kwa mpigo, na fundi asiyejua hubadilisha kebo zisizo na hatia. Fuata kaunta kurudi nyuma hadi poti ya kwanza kabisa ilikoanzia.

Foleni ndiyo mla muda

Seva nane zikimjibu mteja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja ikimtumia KB 64, na zote ziko kwenye 25G: wakati poti ya mteja inatoa KB 64 za kwanza, KB 448 nyingine zinarundikana. Kuzimaliza ni karibu mikrosekunde 147. Linganisha na ile 0.5 uliyokuwa unaigombania. Hili hutokea kila siku kwenye hifadhi iliyogawanywa katika seva nyingi, na swichi zote hizi zitalipitia. Zinatofautiana katika kuligawa bafa. Spectrum na Trident 3 zote zina bafa moja inayotumiwa na poti zote, kwa hiyo poti yenye msongamano huazima nafasi kwa jirani aliyetulia. MB 16 zinatosha kabisa kwa raki moja ya seva 12 hadi 16. Kwa seva 40 zinazoandika kwenye hifadhi moja, MB 32 za Trident 3 zina thamani kuliko nanosekunde 500.

Swichi inayopakana na mkongo, kwa mfano 100G ndani na 10G kwenda nje, ni mambo mengine. Pale panatakiwa swichi au ruta yenye bafa la gigabaiti, na hakuna hata moja ya hizi nne inayofaa. Usiifanye swichi ya hifadhi kuwa mlango wa kutokea nje ili kuokoa fedha.

Kebo inaweza kurudisha ulicholipia

Sehemu hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo yenye fedha. Kwenye 25G kuna kusahihisha makosa njiani, FEC. Aina ya RS-FEC huongeza takriban nanosekunde 250 kwa kila kiungo. Seva hadi swichi, swichi hadi seva: viungo viwili, nanosekunde 500. Umenunua SN2010 kwa sababu ya 300, ukaifunga na RS-FEC kila mahali, basi umefika palepale alipo jirani mwenye Trident 3 na kebo nzuri.

Kebo za shaba za DAC za 25G zina madaraja matatu. CA-N, hadi mita 3, haihitaji FEC. CA-S, pia hadi mita 3, inahitaji FEC nyepesi ya BASE-R, yenye kugharimu kama nanosekunde 80. CA-L, hadi mita 5, inataka RS-FEC. Moduli za faiba za 25GBASE-SR na LR nazo zinataka RS-FEC, huna ujanja. Ushauri: seva zikae raki moja na swichi, kebo ziwe CA-N za mita 1 au 2, FEC izimwe pande zote mbili, kisha kaunta za makosa ziangaliwe saa 24 nzima. Kosa hata moja likionekana, rudisha FEC, kwani pakiti moja iliyopotea itagharimu zaidi ya ulichookoa siku nzima.

Pande zikihitilafiana kuhusu FEC, taa ya kiungo haiwaki kabisa, na hiki ndicho chanzo cha kwanza cha "swichi mpya mbovu" kwenye 25G. Kwenye Linux angalia kwa `ethtool --show-fec eth0` na ubadilishe kwa `ethtool --set-fec eth0 encoding off`, ukiweka jina la poti yako badala ya eth0. Chanzo cha pili: kwenye swichi za Trident 3 poti za 25G hupangiwa kasi kwa makundi ya nne. Ukichomeka seva ya zamani ya 10G kwenye poti ya 5, poti za 6, 7 na 8 zinaifuata. Seva za 10G zikusanye upande mmoja.

Moduli za shaba za 10GBASE-T, zile za kiunganishi cha RJ45, ziepuke hapa. Zinaongeza kama mikrosekunde 2, nyingi haziendi zaidi ya mita 30, na zinachemka kiasi cha kuunguza kidole.

Moja moja

SN2010 ndiyo chaguo letu kwa raki moja ya hifadhi au ya ukokotoaji. Mbili hukaa ubavu kwa ubavu kwenye U 1 (nafasi moja ya raki) kwa kutumia reli yake maalumu, ambayo huagizwa peke yake, na ukiisahau utabaki umezishikilia mikononi. Inakula chini ya wati 100, jambo ambalo UPS itakushukuru TANESCO wanapokata. Kasoro yake ni hii: pawa saplai zake mbili na feni hazichomoki. Ikifa moja, swichi nzima inatoka kwenye raki. Kwa hiyo usinunue moja. Nunua mbili, zifunge kwa MLAG (swichi mbili zinazoonekana na seva kama moja), na kila seva iwe na mguu kila upande. Kwenye programu endeshi, uliza kwa maandishi ni toleo gani la mwisho linaloikubali chipu ya Spectrum ya kwanza, maana kizazi hiki si kipya.

Arista na ndugu zake wa Trident 3 ni za chumba kinachokua: seva 20 hadi 48, pawa saplai na feni za kuchomoa huku swichi inafanya kazi, mafundi wengi wanaoijua amri zake. Zinakula umeme zaidi na bei yake haifichiki. Kama programu zako zinatumia TCP ya kawaida ya Linux, nanosekunde 800 hutaziona kamwe. Safari ya TCP kupitia kernel, kiini cha mfumo endeshi, ya pande zote mbili ni makumi ya mikrosekunde, na kusoma KB 4 kwenye diski ya NVMe ni kama 80 hadi 100. Kwenda na kurudi kupitia swichi hii badala ya SN2010 kunaongeza mikrosekunde 1 kwa jumla.

CRS518 ya MikroTik inadharauliwa kwa bei yake ndogo, na si haki. Kwa mtoa huduma anayehamisha data ya kawaida, au ofisi yenye seva kumi za mashine pepe, inatosha na inabaki fedha ya kununua ya akiba. Lakini ina mtego uliowanasa wengi: kazi inaweza kutoka kwenye chipu ya swichi na kuangukia kwenye CPU yake ndogo bila onyo lolote, na 25G ikageuka kuwa mkondo mwembamba. Tumia daraja (bridge) moja tu kwa poti zote, VLAN, yaani mitandao pepe, zichujwe ndani ya daraja hilo hilo, kisha endesha `/interface/bridge/port print` na uhakikishe kila poti ina alama H. Daraja la pili halipati msaada wa chipu. Ukitaka itumike pia kuelekeza kati ya mitandao, washa `l3-hw-offloading=yes` kwenye swichi. Kwa RDMA nzito (seva kusoma kumbukumbu ya seva nyingine moja kwa moja bila kusumbua CPU) hatuipendekezi.

Nexus 3548, pamoja na Arista 7150S ya nanosekunde kama 350, siku hizi hupatikana mtumba. Hali ya warp ya 3548 hufika 190 kwa kupunguza ukubwa wa majedwali ya anwani, na baadhi ya sifa zake zinahitaji leseni. Mtumba wa swichi haukaguliwi kama nguo za soko la Memorial, kwa kugeuza pindo. Dai matokeo ya feni zote na pawa saplai zote, orodha ya leseni, na tarehe ambayo kiwanda kinaacha kutoa marekebisho ya usalama. Zinafaa maabara ya wanafunzi. Kuna pia vifaa vya nanosekunde 5, Arista 7130 na Cisco Nexus 3550, lakini hivyo kazi yake ya msingi ni kunakili mawimbi ya umeme kutoka poti hadi poti bila kusoma anwani. Wateja wake ni madalali wa hisa wa Chicago na London, si sisi.

RDMA bila maandalizi ni hasara

Kama sababu ya kununua SN2010 ni RoCEv2, yaani RDMA juu ya Ethernet, swichi peke yake haitoshi. RoCEv2 husafiri kwa UDP poti 4791, na kadi nyingi za mtandao zikipoteza pakiti moja hurudia zote zilizoifuata. Panga hivi: seva ziweke alama ya DSCP 26 (alama ya kipaumbele ndani ya pakiti), swichi iziamini alama hizo na kuzielekeza kwenye kipaumbele namba 3, PFC (amri ya kumsimamisha mtumaji kwa muda) iwashwe kwa kipaumbele hicho kimoja tu, ECN (alama ya kuonya juu ya msongamano) iwashwe kwenye foleni yake, na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) iwe baiti 9,000 kwenye seva na kubwa zaidi kidogo kwenye swichi. Ukiwasha PFC kwa vipaumbele vyote vinane, kadi moja ikichanganyikiwa itaisimamisha raki nzima. Washa pia mlinzi wa PFC, anayeifungua poti iliyokwama kwa kumwaga foleni yake.

Vumbi, joto na mwinuko

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, feni husukuma kilo chache kwa mzunguko uleule. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, kwa vifaa vya daraja A2 unaruhusu nyuzi 35, ukipunguza nyuzi 1 kwa kila mita 300 kuanzia mita 900; kwa Arusha ni kama nyuzi 33. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo mwinuko hauisumbui, ila Februari yake chumba bila kiyoyozi kinavuka kiwango hicho mchana kweupe. Vumbi la kiangazi huziba mapezi ya pawa saplai kwanza. Ziba poti zisizotumika kwa vifuniko vya plastiki, kwani kwenye swichi inayovuta hewa upande wa poti, hewa hupitia humo humo.

Mwelekeo wa hewa huchaguliwa wakati wa kuagiza, na kosa hapa haliponi kwa mpangilio wa programu. Kwenye raki ya seva, poti za swichi kwa kawaida hutazama nyuma, ziliko poti za seva, upande wa hewa moto. Hivyo hewa inatakiwa iingie upande wa umeme na kutokea upande wa poti. Herufi F au R kwenye namba ya bidhaa haina maana moja kwa viwanda vyote. Cisco Nexus hutumia rangi: buluu ni hewa inayotokea upande wa poti, nyekundu iliyokolea (burgundy) ni inayoingilia huko.

Pima kabla ya kusaini mapokezi

Kwanza unganisha seva mbili kwa DAC bila swichi. Zima usingizi mzito wa CPU kwa `cpupower idle-set -D 0`. Kuamka kutoka C6, moja ya hali hizo za usingizi, kwenye seva za Intel kunaweza kuzidi mikrosekunde 100, na kwa ucheleweshaji huo hulaumiwa swichi. Zima ukusanyaji wa pakiti kwenye kadi: `ethtool -C eth0 adaptive-rx off rx-usecs 0`. Endesha `ib_send_lat -s 64` kwa RDMA au `sockperf ping-pong` kwa TCP. Zote mbili hutoa muda wa njia moja. Kisha weka swichi katikati na urudie. Ongezeko ndilo swichi pamoja na kebo moja ya ziada. Baada ya hapo fanya seva nyingine tatu zimimine `iperf3 -P 8` kwenye poti ile ile ya mpokeaji, na uangalie asilimia ya 99.9 (muda ambao ni pakiti 1 tu kati ya 1,000 huuzidi), achana na wastani. Ni kipimo hiki cha pili kitakachokuonyesha swichi uliyonunua.

Oda ya seva 12

SN2010 mbili na reli yake moja. DAC za 25G daraja CA-N za mita 2, vipande 24 na 2 vya akiba. DAC za 100G za mita 1, vipande 2 vya kuziunganisha swichi zenyewe. Poti za 100G mbili zinazobaki kwa kila swichi ni za kwenda juu. Swichi moja kati ya hizo ichomekwe kwenye UPS ya kwanza na ya pili kwa nyaya zake mbili, nyingine vivyo hivyo. Muuzaji athibitishe idhini ya TCRA kwa aina hiyo ya kifaa kabla mzigo haujafika Namanga au KIA, na aandike kwenye ankara, kwa maneno kamili na si kwa herufi: hewa iingie upande wa umeme, itokee upande wa poti.